Raden Saleh na Picha ya Kukamatwa kwa Diponegoro



Picha ninayotaka kuwasimulia niliipata bila kuitafuta. Nilikuwa nimenunua kitabu cha nahau kwa mzee mmoja wa Buyenzi anayeuza vitabu vikuukuu, na kitabu kilikuwa kimevalishwa jalada la karatasi nzito iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilipolivua lile jalada ili nilibadilishe, nikakuta kwa ndani pamechapwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Jengo kubwa lenye nguzo, bendera inapepea juu yake. Mzungu mwenye sare za kijeshi amesimama kwenye ngazi, mkono ameunyoosha kuelekeza kwenye gari la farasi. Ngazi za chini yake kuna mtu wa kilemba na kanzu, mikono ameiachia kama aliyechoka na dunia. Mikuki imelazwa chini.

Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiholanzi. Hilo halikunishangaza sana, maana Wabelgiji wa upande wa Flanders wanazungumza Kiholanzi, na walimu na mapadri wao waliacha vitabu vingi hapa Burundi walipoondoka. Nikatumia simu kutafsiri. Kumbe ni picha ya Mwanamfalme Diponegoro wa Java akisalimu amri mbele ya Jenerali De Kock. Nikaiweka kwenye faili langu, na kwa miezi kadhaa nikaamini hivyo: huyu ni kiongozi wa Kiislamu aliyepigana, akashindwa, akaja mwenyewe kukabidhi silaha. Yametokea mengi ya namna hiyo. Sikuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Baadaye, nikiandaa insha ya somo la historia ya Uislamu Asia ya Kusini-Mashariki, ndipo nikajua kwamba kuna mchoro wa pili wa tukio hilohilo. Umechorwa na Mwislamu wa Java, na haukuitwa kusalimu amri. Uliitwa kukamatwa. Mchoraji wake ni Raden Saleh, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimsoma yeye kuliko hata ile insha yangu.

Kwanza niseme kidogo juu ya Diponegoro, maana bila yeye habari haieleweki. Alizaliwa Yogyakarta mwaka 1785, mtoto mkubwa wa kiume wa Sultani Hamengkubuwono wa Tatu, lakini hakulelewa ndani ya anasa za kasri. Bibi mzaa babu yake alimlea kijijini Tegalrejo, karibu na walimu wa dini na wanafunzi wao. Mwaka 1825 aliinua bendera ya jihadi dhidi ya Waholanzi. Watu walikuwa wamechoshwa na ushuru wa barabarani, ardhi zao zikikodishwa kwa wageni, na Waholanzi wakiingilia mambo ya kasri. Kilichowasha moto kabisa ni vigingi vya barabara vilivyopigwa katika ardhi yake. Vita vilidumu miaka 5. Wajava wapatao 200,000 walikufa, wengi wao kwa njaa na maradhi, na upande wa serikali ya kikoloni wakafa askari kama 15,000, Wazungu na wenyeji waliowasaidia.

Mwishowe Diponegoro alikubali mazungumzo. Alifika mji wa Magelang mwezi wa Ramadhani, akaomba mazungumzo yasubiri mpaka funga iishe. Alikuwa ameahidiwa kwamba wasipoafikiana ataachwa arudi zake salama. De Kock akampa hata zawadi ya farasi. Idi ikapita. Tarehe 28 Machi 1830, Shawwal ikiwa imeanza siku mbili tatu tu, Diponegoro akaenda nyumbani kwa jenerali asubuhi, kama mtu anavyokwenda kumtembelea mwenyeji wake baada ya Idi. Hakutoka tena huru. Walimpeleka uhamishoni Manado, kisha Makassar, na huko akafia ndani ya boma la Waholanzi tarehe 8 Januari 1855.

Sasa turudi kwa mchoraji. Mwaka unaotajwa mara nyingi kuwa wa kuzaliwa kwake ni 1811, karibu na mji wa Semarang, pwani ya kaskazini ya Java. Ukoo wao ulikuwa na damu ya masharifu wa Hadhramaut, watu walewale ambao jamaa zao wengine walipanda majahazi wakaja kushukia Lamu, Zanzibar na Ngazija. Alikulia katika nyumba ya kiungwana, kwa mjomba wake aliyekuwa mtawala wa Semarang chini ya Waholanzi. Kipaji chake kilionekana mapema. Mchoraji mmoja kutoka Ubelgiji, Antoine Payen, aliyekuwa ameajiriwa na serikali ya kikoloni kuchora mandhari ya visiwa vile, akamchukua kijana yule na kumfundisha.

Mwaka 1829, vita vya Diponegoro vikiwa bado vinaunguza Java, Saleh alisafirishwa kwenda Uholanzi. Fikirini hali yake. Ni kijana asiyefika miaka 20, au ndiyo kwanza anaifikia. Watu wa nyumba ya mjomba wake walikuwa wametiliwa shaka na serikali kwa sababu ya vita. Na yeye anapanda meli ya watu haohao, kwa gharama ya haohao, kwenda kujifunza kwao. Habari za kukamatwa kwa Diponegoro zilimkuta akiwa mgeni katika nchi ya waliomkamata.

Huko alisoma kwa Cornelis Kruseman aliyekuwa hodari wa kuchora watu, na kwa Andreas Schelfhout aliyekuwa hodari wa mandhari. Akajifunza kwa bidii. Alipotaka kuchora simba hakutosheka na picha za vitabuni. Alikwenda kwa Henri Martin, mfugaji maarufu wa wanyama wa maonyesho, akawachora simba wakiwa hai mbele yake. Ndiyo maana ukiitazama michoro yake ya uwindaji, ambamo simba na chui wanapambana na wapanda farasi, unaona kweli uzito wa mnyama na kucha zake. Michoro hiyo ndiyo iliyompa jina Ulaya.

Mwaka 1839 alianza safari za Ulaya, akafika Ujerumani na kutua Dresden. Hapo naona ndipo alipopumua. Wajerumani hawakuwa watawala wake. Walimpokea kama mgeni wa heshima, wakamwita hata mwanamfalme, cheo ambacho hakuwa nacho, na yeye hakuharakisha kuwasahihisha. Alivaa mavazi ya Kijava yaliyochanganywa na ya kubuni mwenyewe, kwa sababu alijua wenyeji wake wanapenda kuona nini. Ernst wa Pili, mtawala wa Saxe-Coburg na Gotha, alikuwa rafiki yake. Kijijini Maxen, karibu na Dresden, Meja Friedrich Serre aliyekuwa akimkaribisha nyumbani kwake alimjengea mwaka 1848 kijumba cha buluu chenye umbo la msikiti, kikiwa na maneno ya Kijerumani na Kijava ya kumtukuza Mungu na kuwapenda watu. Kijumba hicho kipo mpaka leo. Nilipoona picha yake nilicheka kidogo, halafu nikanyamaza. Mwislamu mmoja peke yake kijijini, na watu wakamjengea kitu kinachofanana na msikiti!

Kutoka hapo alikwenda Paris na akaishi huko pia. Mwaka 1851 akapanda meli kurudi Java, baada ya zaidi ya miaka 20. Mfalme wa Uholanzi, Willem wa Tatu, alikuwa amempa cheo cha mchoraji wa mfalme. Kwa hiyo alirudi akiwa mtumishi wa kasri la The Hague, mwenye nishani kifuani, katika nchi ambayo mwenyeji hakuruhusiwa kukaa sawa na Mzungu.

Na nchi yenyewe ilikuwa imebadilika. Mwaka uleule wa 1830 aliokamatwa Diponegoro, Waholanzi walianzisha Java mfumo wa kilimo cha lazima. Wakulima walitakiwa kutenga sehemu ya ardhi yao kulima kahawa, miwa na nili kwa ajili ya serikali. Fedha zilizotoka humo zililipa madeni ya Uholanzi, na mfuko wa serikali hiyohiyo ya kikoloni ndio uliompa Saleh posho ya masomo. Nawaambia ukweli, hapa nilisita. Niliandika kwenye daftari langu swali moja: huyu mtu ni wa nani?

Jibu, kama lipo, liko kwenye mchoro wa 1857.

Diponegoro alikuwa amekufa miaka 2 tu kabla. Saleh akachukua turubai yenye upana wa karibu sentimita 178 na kimo cha 112, akachora kwa rangi za mafuta ile asubuhi ya Magelang. Ile picha ya jalada langu ni ya Nicolaas Pieneman, Mholanzi ambaye hakuwahi kufika Java. Saleh naye hakuwepo siku ile, lakini alikuwa na neno la kujibu.

Nimeziweka picha mbili mezani, hiyo chapa yangu na nakala ya mchoro wa Saleh niliyochapisha duka la fotokopi, nikazilinganisha kama tunavyolinganisha riwaya mbili za hadithi moja. Kwa Pieneman, De Kock yuko juu na Diponegoro yuko chini. Kwa Saleh wamesimama ngazi moja. Kwa Pieneman bendera ya Uholanzi inapepea. Kwa Saleh hakuna bendera. Kwa Pieneman silaha zimelazwa chini, maana yake walikuja nazo wakazisalimisha. Kwa Saleh, wafuasi wa Diponegoro hawana hata kris mkandani, na kwa Mjava wa zama zile kwenda bila kris ni kama kusema kwa sauti kwamba umekuja kwa amani. Wamekuja kama wageni wa Idi. Diponegoro amevaa kilemba cha kijani, ameinua kichwa, uso umekaza kwa hasira iliyozuiliwa. Mwanamke amemshika mguu. Wengine wamekaa chini wakilia. De Kock ananyoosha mkono kuelekeza kwenye gari, lakini ukimtazama vizuri anaonekana kama mwenye haya.

Kuna jambo jingine ambalo wengi waliliona kuwa kosa. Vichwa vya maofisa wa Kiholanzi ni vikubwa kuliko miili yao, vya Wajava viko sawa. Mtu aliyekuwa akichora watu wakubwa wa Ulaya kwa zaidi ya miaka 20 hakosei vipimo vya kichwa, tena kwa upande mmoja tu wa turubai. Wachunguzi wa sanaa wanaeleza kwamba amewachora kama majitu ya hadithi za Kijava, yale mazimwi yenye vichwa vikubwa yasiyojua kujizuia. Wanasema pia kwamba alijichora mwenyewe miongoni mwa Wajava waliokuwepo. Kama ndivyo, basi amejihudhurisha katika siku aliyoikosa.

Kisha akafanya jambo ambalo ndilo lililonifanya nimwandikie makala. Mchoro huo hakuuficha, wala hakuwauzia maadui wa Uholanzi. Aliufunga akampelekea Mfalme Willem wa Tatu mwenyewe, kama zawadi ya shukrani kwa elimu aliyopewa. Mfalme akaupokea. Kwa miaka mingi watu wa kasri walipita mbele ya picha inayoonyesha jenerali wao akivunja ahadi aliyopewa mgeni, na wakaiona kuwa ni ya kuwasifu.

Ndugu zangu wa kitivo chetu najua mnachongoja. Mwenzangu wa chumbani alikiuliza siku ya kwanza tu nilipobandika nakala ukutani: na hadithi za wachoraji wa viumbe je? Hadithi hizo ni sahihi, ziko katika Bukhari na Muslim, na sitazizunguka. Maulamaa wengi waliotutangulia walikataza kuchora chenye roho. Walitofautiana katika mambo ya ndani yake, mathalan kati ya kinyago chenye kivuli na picha bapa, na kati ya kinachotukuzwa na kinachokanyagwa. Katika zama za karibu, Sheikh Muhammad Abduh, mufti wa Misri, aliandika kutetea michoro inayohifadhi kumbukumbu pasipo kuabudiwa, na wengine wakampinga. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, sina ubavu wa kufutu. Nilichofanya ni hiki: nakala niliibandua ukutani, kwa sababu ya hadithi ya malaika na nyumba yenye picha na kwa sababu mwenzangu anaswali pale, nikairudisha ndani ya faili pamoja na chapa ya Pieneman. Lakini kila nikikumbuka kwamba kwa miezi kadhaa nilimjua Diponegoro kwa mkono wa Pieneman peke yake, siwezi kusema kwamba kazi ya Saleh haikutufaa kitu. Wallahu a'lam.

Maisha yake yaliyobaki yalikuwa ya mtu aliyekaa kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Batavia, mji unaoitwa Jakarta leo, alijenga jumba kubwa mtaa wa Cikini lenye umbo la makasri aliyoyaona Ujerumani, na sehemu ya bustani yake ikawa hifadhi ya wanyama. Mke wake wa kwanza alikuwa mwanamke tajiri mwenye asili ya Kizungu, wakaachana. Mwaka 1867 akaoa tena, safari hii binti wa jamaa za kasri la Yogyakarta, ukoo wa Diponegoro mwenyewe. Alikusanya miswada ya kale, akafukua mifupa ya wanyama wa zama zilizopita, akawa mwangalizi wa michoro ya serikali. Mtaa uliopo leo penye ardhi yake unaitwa kwa jina lake, na Msikiti wa Al-Ma'mur ulio mtaani humo unatajwa kuwa ulianza kama mahali pa kuswalia katika ardhi hiyo.

Yote hayo hayakumwokoa mwaka 1869. Ghasia zilizuka upande wa Bekasi, mashariki ya Batavia, na mchoraji wa mfalme, mzee mwenye nishani, akashukiwa kuwa miongoni mwa wachochezi. Askari wakaizingira nyumba yake. Hakukutwa na hatia. Hata hivyo alikuwa ameonyeshwa mahali pake, na nadhani alielewa. Miaka 40 ya kuzungumza lugha zao na kuchora wafalme wao haikutosha hata asubuhi moja ya kuaminiwa. Mwaka 1875 alirudi Ulaya, akakaa miaka michache, akarejea Java na kuhamia Bogor. Huko alifariki tarehe 23 Aprili 1880, akazikwa Kiislamu. Allah amrehemu.

Mchoro wake ulibaki Uholanzi miaka 120 na zaidi. Mwaka 1978 ulirudishwa Indonesia, na mwaka 2013 mafundi waliusafisha na kuurekebisha, maana hewa ya joto na uzee vilikuwa vimeuharibu. Sasa ni mali ya ikulu ya nchi ambayo Diponegoro ni shujaa wake wa taifa.

Kaburi liko Bogor, mtaa wa Bondongan. Mwaka 1953 Rais Sukarno, yule yule aliyetangaza uhuru na kupambana na Waholanzi mpaka wakaondoka, aliamuru likarabatiwe, na kazi akapewa Friedrich Silaban, Mkristo ambaye baadaye ndiye aliyesanifu Msikiti wa Istiqlal wa Jakarta. Walilijengea vizuri. Jiwe lenye maandishi hawakuliondoa, na ukifika leo utasoma pale kwamba aliyelala hapo ni Raden Saleh, mchoraji wa mfalme wa Uholanzi.